Themu ya kompyuta: rangi tu, nusu nusu, au mpaka tabia za programu?

Ukinunua laptopu used Kariakoo siku hizi usishangae fundi akakukabidhi mashine yenye Windows iliyopewa sura ya Mac, vitufe vya kufunga dirisha vimehamia kushoto, mstari wa chini umegeuka safu ya ikoni zinazorukaruka, na mwenyewe anaona kakupa nyongeza ya bure. Ukifika nyumbani Mbagala unabaki kujiuliza hapa kipi ni urembo na kipi kimebadilishwa kweli. Vijana wa Linux nao (mfumo wa kompyuta unaotumika badala ya Windows), wale wa vyuo vya DIT na Mlimani ambao kila wikendi desktopu ina sura mpya, wanabishana kitu hikihiki: themu iishie kwenye rangi, fonti na ikoni, au iruhusiwe kugusa hata namna programu inavyofanya kazi ukibonyeza, ukivuta, ukiskroli?

Ubishi mwingi unakwenda kwa kigezo cha "mi napenda hivi". Mi naona kuna maswali mawili yanayosaidia zaidi: nani mwingine atakaa kwenye hicho kiti ukiinuka wewe, na hiyo kitu ikivurugika nani atairudisha. Yaweke kichwani maana huko chini kila njia nitaipima na watu, sio na picha nzuri za mtandaoni.

Vigezo kwanza

Cha kwanza ni mikono. Mtu anayechapa barua na CV za watu kutwa hatazami vitufe, mkono unakwenda wenyewe. Bajaji unaweza ukaipaka rangi yoyote, ukaijaza stika za Yanga mpaka kwenye paa, dereva akipanda ataendesha kama kawaida kwa sababu breki iko palepale; ihamishe hiyo breki, hata kama rangi hujaigusa, hapo umempa chombo kingine.

Cha pili usalama, yaani ndani ya hiyo themu kuna nini. Ni faili la rangi na picha tu, au kuna skripti, yaani maagizo ya kuendeshwa na kompyuta, inayotembea kwenye mashine yako ikiwa na ruhusa zako zote? Wengi hapa tunapitiwa kwa sababu kitu kikiitwa themu tunakichukulia kama picha ya ukutani. Cha tatu apdeti, mfumo ukipanda toleo themu inasalimika au inakuachia desktopu nusu nyeusi. Cha nne macho, nikimaanisha watu wanaoona kwa shida, na hiki ndo kigezo kinachosahaulika kuliko vyote. Cha mwisho ni kurudi ulipotoka: unabonyeza sehemu moja yameisha, au unapanda daladala kumfuata fundi. Uzito wa mashine nitautaja pale tu unapohusika.

Njia ya kwanza: rangi tu, tabia usiguse

Wa enzi za intaneti kafe mnaikumbuka Winamp, ile programu ya kuchezea muziki. Zile skini zake za mwanzo zilikuwa faili la .wsz, ambalo ukilifungua ni zipu ya kawaida yenye vipande vya picha, basi. Ungeweza kuifanya ionekane kama redio ya mbao au kama chombo cha anga lakini kitufe cha kucheza wimbo kilikaa palepale, kwa hiyo aliyezoea Winamp ya kafe ya Posta alikuwa hapotei kwenye Winamp ya kafe ya Sinza.

Siku hizi njia hii ndo wanayoishika GNOME, watengenezaji wa moja ya desktopu maarufu za Linux, kwa nguvu. Tarehe 31 Desemba 2021 walitoa libadwaita 1.0, maktaba ambayo programu zikiitumia zinakuja na muonekano wake ndani kwa ndani na themu ya nje haiingii kirahisi. Kabla ya hapo, 2019, kundi la watengenezaji wa programu liliandika barua ya wazi kuwaomba wenye distro (matoleo ya Linux yaliyofungashwa, kama Ubuntu) waache kuzibadilisha programu zao sura bila kuzipima, na ukiwaza upande wao wana hoja, maana mtumiaji akikuta maandishi meupe juu ya meupe lawama inakwenda kwa aliyeandika programu na yeye hata hajui hiyo themu ipo duniani. Watu walilalamika sana kwamba wananyimwa uhuru, baadaye GNOME 47 ya Septemba 2024 ikaleta angalau uhuru wa kuchagua rangi ya vitufe na alama. Kidogo, ila kipo.

Mikono: hapa hakuna wa kuishinda njia hii. Badilisha utakavyo, OK iko ilipokuwa jana.

Usalama: ni mzuri kuliko njia nyingine ila usilale. Mfano VS Code, ile programu ya kuandikia kodi za kompyuta, themu yake ya rangi ni orodha tu ya rangi kwenye faili la JSON, lakini inafungashwa kama kiendelezi, yaani kipande cha kuiongezea programu uwezo, na kiendelezi kina nafasi ya kubeba skripti. Februari 2025 Microsoft waliiondoa themu maarufu mno, Material Theme, wakishuku kuna kitu kibaya ndani, ikatolewa mpaka kwenye mashine za watu, halafu mwezi uliofuata wakairudisha na kuomba radhi. Kwa hiyo haikuwa wizi, lakini ona jinsi kitu cha rangi kilivyoleta taharuki kwa sababu tu kilikuwa na mlango wa kupitisha zaidi ya rangi.

Apdeti na kurudi nyuma sina cha kusema sana, ni rahisi, unachagua ya zamani unaendelea na kazi.

Macho ndo inapochechemea. Themu ya rangi inaomba, haiamrishi. Programu iliyopakwa rangi zake na mtengenezaji inaipuuza, matokeo yake mzee mwenye tatizo la macho anawasha rangi kali kwenye desktopu lakini akifungua programu ya mahesabu anakuta bado ni kijivu juu ya kijivu kingine. Na kama mfumo wenyewe umekuja na tabia inayokuudhi, themu za aina hii hazitakusaidia, utahangaika kwenye setingi.

Inamfaa: mwenye kompyuta ya kutumia na wenzake, anayetaka utulivu, na anayeandika programu akitaka simu za malalamiko zipungue.

Njia ya pili: nusu nusu, themu inajibu maswali machache

Hii watu wengi wanaitumia bila kujua, na ndo maana nitakaa hapa kidogo.

Kwenye Qt, zana za kutengenezea programu ambazo ndo zimejenga KDE Plasma (desktopu nyingine ya Linux) na programu kibao, stayili ya muonekano haichori vitufe tu, inaulizwa pia maswali ya tabia na programu inafuata jibu. Kwenye kidirisha cha kuthibitisha, OK itangulie Cancel kama Windows au Cancel itangulie kama Mac na GNOME? Faili lifunguke kwa kubonyeza mara moja au mbili? Ukibonyeza sehemu tupu ya mstari wa kuskroli, ukurasa uruke mpaka hapo au usogee kipande kimoja? Menyu ndogo isubiri muda gani kabla ya kufunguka? Yote hayo stayili inaweza kujibu. Breeze na Oxygen, stayili za KDE, nazo zina lao la ziada, zinakuwezesha kushika dirisha sehemu yoyote iliyo tupu na kulivuta bila kutafuta kichwa chake, kitu ambacho ukikizoea kwenye laptopu yenye skrini ndogo utakimisi kila ukikaa kwenye kompyuta ya mtu mwingine.

Uzuri wa mpango huu ni kwamba maswali yanajulikana. Themu haiwezi kubuni tabia mpya kutoka hewani, inachagua kati ya majibu ambayo mfumo umeyaandaa, halafu programu za Qt kwa kawaida zinafuata jibu moja kwa hiyo angalau hakuna hii inafanya hivi na ile vile.

Sasa mikono. Badilisha mpangilio wa OK na Cancel kwenye kompyuta ya steshenari, dada anayehudumia foleni ya watu wanaotaka kuprinti fomu kabla benki haijafungwa ataulizwa "unataka kufunga bila kusevu?" na mkono wake utakwenda kulekule ulikozoea, na kazi ya mteja imekwenda. Hakuna aliyekosea hapo zaidi ya aliyebadilisha bila kusema. Ubuntu wenyewe walionja joto la hili: toleo la 10.04 la Aprili 2010 lilikuja na sura mpya na vitufe vya dirisha vikahamia kushoto, ugomvi wake ulikuwa mkubwa, wengine wakazoea kabisa, halafu 17.10 ya Oktoba 2017 ikavirudisha kulia na hao waliozoea nao wakaanza kulalamika. Vitufe vitatu tu hivyo.

Kwenye Windows nako ipo ila imejificha. Windows 7 ukichagua ile themu ya Basic kwa kuogopa uzito, hukupoteza kioo cha kung'aa tu, vile vipicha vya madirisha ulivyokuwa unaviona ukisogeza mshale kwenye mstari wa chini navyo viliondoka, na hiyo ni tabia, sio rangi. Wengi walidhani mashine imeharibika. (Waliokuwa na Windows 7 Starter kwenye vile vilaptopu vidogo hawakuwa hata na ruhusa ya kubadili picha ya nyuma, kwa hiyo mjadala huu uliwapita mbali.)

Macho: njia hii inaongoza kwa kuwa na mamlaka. Themu za utofauti mkali za Windows, zile unazowasha kwa Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na Print Screen kwa pamoja, haziombi ruhusa. Zinaziambia programu ziache rangi zao zifuate hizi, na brauza nazo zinatii mpaka kurasa za wavuti zinabadilika. Hata hali ya giza ya kawaida ukiiwasha kwenye mfumo, tovuti inaweza kuuliza na kujigeuza nyeusi yenyewe. Ukimwambia mtu anayesoma kwa shida kwamba "themu isiguse programu" unamnyima kitu anachokihitaji kufanya kazi, na hapo ndo wale wa rangi tu hoja yao inapungua nguvu kwa kiasi kikubwa.

Usalama uko katikati. Stayili ya Qt iliyoandikwa kwa C++ ni programu inayopakiwa ndani ya kila apu ya Qt unayofungua, ikiwa na kasoro inaangusha zote. GTK 2, zana za kutengenezea programu wanazotumia GNOME, nayo ilikuwa hivyohivyo na injini zake za themu, mpaka GTK 3 ilipohamia kwenye maelezo ya mtindo yanayofanana na ya kurasa za wavuti. Ukiichukua kutoka kwenye hazina rasmi ya distro yako huna cha kuogopa sana. Ukiichukua kwa mtu usiyemjua, fikiria.

Apdeti ina historia mbaya, kwa muda mrefu matoleo mapya ya GTK 3 yalikuwa yanavunja themu za watu na wenye themu wakachoka. Kurudi ulipotoka kuna mtego wake, maana mtu akiona mafaili yanafunguka kwa kubonyeza mara moja anakwenda kwenye setingi za kipanya, hawazi kabisa kama ni themu ya juzi. Kuondoa ni rahisi ukishajua. Kujua ndo kazi.

Inamfaa: mwenye mashine yake peke yake, anayehitaji msaada wa macho, na anayefanya kazi nyingi akitaka programu zote ziwe na mwenendo mmoja.

Njia ya tatu: kifurushi kizima

Hapa themu inabadilisha desktopu nzima, paneli, menyu, vijiapu vidogo vya pembeni, namna ya kuruka dirisha hadi dirisha, na inaweza kubeba skripti. KDE wanaziita Global Theme. Winamp nayo iliingia huku, Winamp3 ya 2002 na baadaye Winamp 5 zilikuwa na skini za kisasa zenye lugha yake ya skripti inayoitwa MAKI, skini ikaweza kufungua droo, kusogeza vitufe, kuwa karibu programu nyingine kabisa, na kusema ukweli zilikuwa tamu ingawa kompyuta za kafe zilikuwa zinahema. Kwenye Windows ya sasa kuna StartAllBack na ExplorerPatcher, ambazo hazijiiti themu lakini watu wanaziweka kwa sababu ya sura na zinaingia mpaka ndani ya Explorer, programu inayoendesha mstari wa chini na madirisha ya mafaili.

Faida ni ya kweli, tusiibeze. Mtu ametoka Mac anaingia Linux, kifurushi kimoja kinampangia kila kitu alikozoea, hapo mikono yake inaheshimiwa kuliko njia nyingine yoyote kwa sababu kubadilisha tabia ndo kunamrudisha nyumbani. Chuo chenye maabara kinaweza kufanya mashine zote ziwe sawa. Na wapo wanaofanya hivi kwa raha tu, na raha nayo ni sababu.

Usalama, hapa ukae macho. Machi 2024 mtumiaji mmoja wa Plasma aliweka Global Theme aliyoipata kwenye duka la mtandaoni la KDE, skripti iliyokuwemo ikafuta mafaili yake binafsi. Haikuonekana kama mtu alikusudia, ilikuwa kodi mbovu tu, lakini mafaili hayajali nia ya mtu. KDE wakatoa tahadhari kwamba vifurushi hivi vinaweza kuendesha skripti na wao hawana uwezo wa kukagua kila kinachopandishwa na watu. Dukani zinakaa rafu moja na picha za nyuma, na kitufe cha kudaunlodi ni kilekile.

Apdeti ndo ugonjwa wake mkuu. Firefox iliwahi kuwa na themu kamili zilizoweza kugusa kila kona ya brauza, kila toleo likitoka zinavunjika, mwishowe Firefox 57 ya Novemba 2017 ikazifuta kabisa zikabaki za rangi na picha. Windows 11 toleo la 24H2 lilipokuwa linaandaliwa mwaka 2024, mashine zilizokuwa na baadhi ya matoleo ya StartAllBack na ExplorerPatcher ziliwekewa kizuizi mpaka zitolewe. Kama unanunua bando la GB chache halafu apdeti inakataa katikati, unajua maumivu yake.

Macho: inategemea kabisa aliyetengeneza, na wengi wanatengenezea picha ya kuonyesha watu, maandishi madogo na vioo vya kupitisha mwanga. Uzito nao upo, kwenye laptopu ya RAM 4GB feni itakujulisha. Kurudi nyuma ndo kazi ngumu kuliko njia zote tatu, kwa sababu ukichagua themu ya zamani rangi zinarudi lakini paneli na vijiapu vinaweza kubaki vilivyo.

Inamfaa: mwenye mashine binafsi, mwenye bakapu, mwenye muda, na asiyeogopa kufungua terminali saa sita usiku.

Kwa hali yako

Steshenari, ofisi, maabara ya shule, popote watu zaidi ya mmoja wanakaa kiti kimoja: rangi tu, na hata hiyo usiibadilishe katikati ya wiki ya kazi. Ila kama mmoja wenu haoni vizuri mfungulie akaunti yake yenye utofauti mkali, kwa njia ya pili, asilazimike kuwaomba wengine kila asubuhi.

Mzazi nyumbani anayetumia kompyuta kusoma ujumbe na kuangalia picha za wajukuu: usimletee sura mpya bila kumuuliza. Akihitaji herufi kubwa na rangi kali mpe za mfumo wenyewe, sio za kudaunlodi.

Mwanafunzi mwenye laptopu yake na Linux yake: njia ya pili inakupa raha nyingi kwa hatari kidogo, chukua kwenye hazina ya distro. Kama uko kwenye wiki za mtihani au unamalizia ripoti ya mradi, subiri.

Unayeandika programu: jiulize kama programu yako inasomeka themu ikigeuzwa, jaribu kwa utofauti mkali na hali ya giza kabla hujaamua kuzifungia nje themu zote. Na vitufe vinavyofuta kitu usiviache vijulikane kwa mahali vilipo tu, viandike neno linalosema kitakachotokea.

Fundi unayeuza mashine: mteja akitaka sura ya Mac muwekee, ni biashara, lakini muonyeshe umebadilisha nini na muachie akaunti ya pili yenye Windows kama ilivyotoka, ili kama kuna kilichobadilishwa kwa ajili ya akaunti moja aone tofauti mwenyewe.

Na wewe wa kifurushi kizima, kwenye Linux tengeneza mtumiaji mpya asiye na ruhusa za adimini, ingia kwake, weka hiyo themu huko na utumie siku chache. Skripti ikichafua itachafua folda za huyo mtumiaji mtupu, za kwako haina ruhusa ya kuzifuta. Ikikupendeza na hakuna kilichovunjika, chukua bakapu kwenye diski ya nje, chomoa hiyo diski, ndo uiweke kwako.